Siku Themanini na Moja za Mto

Ofisini, 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mume wangu anakusalimu, na mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anacheka hata akigombezwa. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje? Nimempa dereva wa basi dawa ya kuchua amletee. Ikifika imepungua msimlaumu sana, yule dereva naye ana magoti.

Nakuandikia kwa kuwa simu huipendi. Ukiipokea unasema "ndiyo, ndiyo," kisha unaikata. Jambo hili linataka utulie.

Mwezi uliopita walikuja ofisini kwetu watu watano wa nyumbani, akiwemo jirani yetu Mama Cherehani. Walipanda ngazi hadi huku juu ya duka la viatu, wakakaa kwenye benchi la wateja. Mama Cherehani akatoa chupa ya nusu lita, akaiweka mezani kwa bosi wangu, Wakili Mkuu. "Mto wetu ndio huo," akasema. "Umeenea humo." Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa.

Wanataka kulishtaki lile shamba kubwa la juu, lililochimba mfereji na kuweka lango la chuma. Na Wakili Mkuu anataka tufanye jambo ambalo mahakama zetu hazijalizoea: mlalamikaji asiwe mwanakijiji yeyote. Uwe mto wenyewe. Useme, nina haki ya kutiririka, nami nimezibwa.

Ili tusikilizwe lazima tuonyeshe mto ulivyokuwa kabla ya lango na baada yake. Ofisi ya maji wanasema fomu zote ulizowapelekea ziliharibika bomba lilipopasuka stoo. Kwa hiyo dunia nzima yamebaki yale madaftari uliyonakilia nyumbani kwa mkono wako. Yapo, Mjomba?

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani, 27 Februari

Chiriku, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Dawa imefika nzima. Goti limepona nusu, nusu nyingine mwenyewe ameihifadhi ya kukwepea kazi. Mbuzi amezaa mapacha, wote madume, mkorofi mama yao na wao hivyo hivyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani umekosea kuandika. Mto uende mahakamani? Utapewa kiti, au utasimama kizimbani unachuruzika?

Mimi nimesimama ndani ya mto ule miaka ishirini na miwili, kila siku saa moja asubuhi, suruali nimeikunja hadi magotini, nasoma namba za sentimita kwenye ubao wa kipimo uliosimama penye kina. Watu wakaniita Bwana Kipimo hata jina alilonipa baba likasahaulika. Sikuwahi kuusikia mto ukidai haki. Tena ukishakuwa mtu mwenye haki, una makosa pia. Mwaka wa mafuriko ulibeba mbuzi wangu wawili na choo cha Mama Cherehani, choo kizima, na mlango wake umefungwa. Hilo nalo nani atalijibu? Mto ni wa kuheshimiwa, mwanangu, si wa kupewa vyeo.

Lakini nikuambie kitu. Unaikumbuka ile sauti yake? Mama yako alikuwa akisema, mto ukikoroma watoto hulala. Sasa asubuhi nikiamka kinachonishtua ni kimya. Wakati mwingine najikohoza bure, ili tu pawe na sauti.

Habari za madaftari tutazungumza.

Mjomba wako


Ofisini, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mapacha. Hapa kuna joto, na fundi viatu wa chini ameanza kuchemsha gundi, kwa hiyo tunatetea wateja huku vichwa vinazunguka.

Nilimsomea Wakili Mkuu habari za mbuzi na choo. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaivaa tena, akasema, "Hilo ndilo swali watakalotuuliza. Huyo mjomba wako angekuwa upande wa pili tungepata tabu."

Jibu lake ni hili. Lile shamba la juu ni kampuni. Kampuni haina tumbo wala haina mama, haiugui mafua. Lakini sheria inaitambua kuwa mtu: ina jina, ina mali, inashtaki na kushtakiwa. Mtoto mchanga naye hana mdomo wa kujitetea, na bado ana haki. Anawekewa mlezi amsemee. Sasa iweje kampuni iliyosajiliwa juzi iwe mtu, na mto ambao babu wa babu yetu aliukuta uwe bomba tu la mwenye lango?

Siku hizi nafunga macho naona lile jiwe pana la kivukoni. Nilikuwa na sare moja ya shule, unakumbuka? Jumamosi Mama aliifua, akaianika jiweni, nami nikakaa kando nimejifunga kanga yake hadi ikauke. Yeye anasimama majini anasugua nguo za wengine, na anaongea na mto kama na jirani: "Leo una haraka gani wewe?" Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua si kila mtu huongea na mto wake.

Tafadhali, madaftari. Kesi imepangwa Septemba.

Chiriku


Nyumbani, 9 Mei

Chiriku,

Usidhani niliipuuza barua yako. Upepo ulitaka kuondoka na paa la jiko, tukawa kwenye mabati wiki nzima. Halafu kalamu ikakauka.

Nimempa dereva kasha la mbao. Ndani mna madaftari ishirini na moja. Kila moja mwaka wake. La kumi na nne sijaliona. Panya labda.

Kabla ya kuyafunga niliyafungua moja moja. Nilisahau kuwa kando ya namba nilikuwa naandika vijineno. Ofisini hawakuvitaka, fomu yao ilikuwa na nafasi ya namba tu, lakini nakala ya nyumbani ilikuwa yangu. "Maji 131. Samaki wameruka." "Maji 206. Rangi ya matofali, mvua imenyesha juu." "Maji 118. Dada kaniletea viazi vya kuchemsha hadi majini, nikala nimesimama." Nilikaa na hilo daftari sakafuni hadi mkaza mjomba wako akaja kuuliza kama nimeanguka.

Usiyaonyeshe kila mtu hayo ya pembeni.

Mjomba


Ofisini, 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Kasha limefika. Tumeyapanga madaftari kwenye meza ya mikutano, na hata karani wetu, ambaye hana habari na chochote ila chakula cha mchana, alisimama akayatazama. Hakuna siku uliyoruka.

Upande wa kampuni umeleta pingamizi. Wanasema mahakamani hamna mto, mna watu wachache wenye wivu. Jaji amelikataa pingamizi hilo kwa sasa. Atasikiliza ushahidi kwanza ndipo aamue kama mto unaweza kusimama.

Lakini Mjomba, lango la chuma lilifungwa mwaka wa kumi na nne. Bila daftari hilo tuna mto kabla na mto baada, na katikati pengo, na pengo hilo ndilo kesi yenyewe. Wewe hujapoteza hata kifuniko cha kalamu maishani mwako. Panya gani huyo anayechagua mwaka?

Ni mwaka ule wa Mama, najua. Sitaki kukusumbua zaidi ya hapo.

Chiriku


Nyumbani, 2 Julai

Mwanangu,

Hatujambo. Mapacha wamekua. Leo sina habari nyingine za kujifichia nyuma yake.

Panya hakuna. Daftari liko sandukuni, chini ya nguo za mama yako. Nimekutumia kwa mkono wa dereva. Soma barua kwanza.

Mwaka ule dada yangu alilazwa hospitali ya wilaya tarehe sita Juni. Mume hakuwa naye tena, wewe ulikuwa chuoni mbali na mtihani mbele yako. Akanishika mkono akasema, "Chiriku asiambiwe. Ataacha mtihani aje, na akija hatarudi tena." Nikamwapia. Nikahamia kwenye benchi la nje ya wodi, na daftari langu kwapani, kwa sababu kazi ilikuwa kazi, na nilidhani ni siku mbili tatu.

Kila asubuhi akiamka, kabla ya uji, kabla ya dawa, aliniuliza, "Mto leo uko wapi?" Nilikuwa sijui. Ulikuwa nusu siku ya safari kutoka pale. Lakini ningemwambia sijui? Nikamwambia, "Mia na ishirini." Akatabasamu. Kesho yake nikasema mia na ishirini na tatu. Akasema, "Mwaka huu umekuja vizuri." Basi Chiriku, kila alivyozidi kuisha, mimi niliupandisha mto. Na kila namba niliyomwambia nikaiandika, kwa sababu niliona aibu iwe uongo mdomoni peke yake. Nikiiandika ilikuwa kama kweli kidogo. Ndivyo nilivyowajazia na fomu ya ofisi.

Siku themanini na moja, pamoja na zile za msiba nilizoendelea kuandika. Alifariki tarehe ishirini na mbili Agosti, tukamzika, ukaja ukiwa umechelewa, nikakuomba radhi mbele ya watu kwamba sikukuita. Tarehe ishirini na sita nikarudi majini. Utaona mwenyewe kwenye ukurasa: tarehe ishirini na tano, maji 158. Tarehe ishirini na sita, maji 41.

Lango lilikuwa limefungwa nikiwa benchini. Sikujua. Nilisimama pale, maji hayafiki hata kwenye ugoko, nikaamini nimeulaani mto mimi mwenyewe kwa uongo wangu. Miaka kumi na tisa sijamwambia mtu. Na sasa uongo ule unawafaa wenye lango, maana kwa daftari langu, mto ulikuwa unafurika kiangazi kizima.

Mjomba wako


Ofisini, 15 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Daftari nimelipata. Kuna mtu hapa ofisini alishauri tuseme limepotea. Nimekataa, na Wakili Mkuu amekataa pia, ila mimi ndiye niliyetangulia.

Itabidi uje mwenyewe useme mahakamani ulivyoniandikia. Watakuita mwongo. Ukiona huwezi, nitaelewa, tutaendelea na tulicho nacho.

Ukurasa wa tarehe kumi na nne Julai nimeusoma mara nyingi. "Maji 139. Dada ameuliza mto." Siwezi kukuandikia kwa nini.

Chiriku


Nyumbani, 21 Septemba

Chiriku,

Nimefika salama. Viatu vile vya mume wako vimenipa malengelenge mawili, mwambie namshukuru hivyo hivyo. Na yule mjukuu wangu kibogoyo bado simwelewi: kwa nini aniite "Babu Mto"?

Hapa sijapumzika. Kila anayepita anataka nieleze. Nimeshawasimulia mara tisa, na mkaza mjomba wako anasema kila nikisimulia nazidi kuwa mrefu. Wewe ulikuwepo, uliona mwenyewe. Yule wakili wa kampuni mwenye sauti ya asali alipoliinua daftari la kumi na nne, nilihisi amenivua nguo mbele za watu.

"Mzee," akasema, "mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na kwa mwandiko huu, lango lilipofungwa maji yalipanda. Si ndivyo?"

"Hayakupanda. Nilidanganya."

Ukumbi ukavuma. Akageuka kwa Jaji akiwa anacheka: "Mheshimiwa, shahidi wa mto ni mwongo." Nami sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema kabla sijaulizwa, "Siku themanini na moja nilikuwa mwongo. Siku zilizobaki, elfu saba mia tisa na zaidi, nilikuwa nimesimama ndani ya maji. Nawe nipime kwa siku zote."

Jaji, yule mama, akaniuliza taratibu nilikuwa wapi siku hizo. Nikamweleza. Aliandika muda mrefu. Sikukutazama tena wakati ule, Chiriku, kwa sababu nilikuona umeinama. Baadaye kwenye ngazi nilitaka kukuuliza neno, ukasema basi litaniacha. Basi lilikuwa bado saa nzima.

Bado sijui kama mto ni mtu. Ila niliposhuka pale kizimbani niliona nimeusemea ndugu.

Mjomba


Ofisini, 18 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. "Babu Mto" ameota jino moja, limekaa upande, na amekataa kutuambia jina hilo alilitoa wapi.

Hukumu imesomwa jana. Jaji hakuuita mto mtu. Alisema jina hilo ni la bunge kulitoa, si lake. Lakini alisema haki ya kutiririka ni ya mto wenyewe, si zawadi ya wanaokunywa wala mali ya aliyetangulia kuchimba mfereji; na kwa kuwa hauna mdomo, uwekewe walezi watatu, waruhusiwe kuja mahakamani kwa jina lake wakati wowote. Kuhusu mbuzi wako alisema, mwenye haki si lazima awe mpole. Lango lifunguliwe kabla ya mwisho wa Desemba, na kiangazi lisifungwe zaidi ya robo. Kampuni watakata rufaa, tumejiandaa.

Kuhusu daftari, nakunukulia: "Shahidi aliyetuonyesha mwenyewe mahali alipokosea, ametuonyesha pia mahali ambapo hakukosea." Mlezi wa kwanza ni wewe. Wa pili Mama Cherehani. Wa tatu atatoka chuoni.

Sasa lile ulilotaka kuuliza kwenye ngazi.

Mjomba, nilijua. Tarehe kumi na nne Julai mwaka ule mlinzi wa bweni aliniita kwenye simu. Alikuwa Mama Cherehani. Akasema, "Mama yako amelazwa, hali si nzuri, mimi sikutumwa, nimeamua mwenyewe." Nikasema nitakuja. Niliweka nguo kwenye begi. Kisha nikasema nimalize karatasi ya kwanza. Kisha ya pili. Nikajiambia angekuwa mahututi ungenipigia wewe, na kwa kuwa hukupiga, basi. Begi lilikaa kando ya kitanda limefungwa hadi mliponiita kwenye mazishi.

Nikafika, ukaniomba radhi mbele ya watu, nami nikakusamehe. Miaka kumi na tisa umeniomba radhi kila tarehe ishirini na mbili Agosti, na kila mara nimekuitikia. Ulipokuwa kizimbani unataja uongo wako siku kwa siku, nilikuwa nahesabu wangu.

Sitaki uniambie si kitu.

Chiriku


Nyumbani, 30 Desemba

Chiriku,

Barua yako ina karibu wiki sita ndani ya sanduku. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akishika kalamu huandika mambo ambayo mvua haifuti. Niliomba radhi kwa mtoto aliyejua! Niliimba wimbo ule miaka kumi na tisa, na wewe ukapiga makofi. Hukutaka nikuambie si kitu. Ni kitu.

Mama Cherehani sikumuuliza. Tunakaa naye kwenye ulezi kila Jumatano, anashona huku tunajadili, na ananitazama kama anangoja swali. Atangoja.

Lango limefunguliwa Jumanne, saa nne asubuhi. Walitupigia simu kutoka juu, na safari hii niliipokea hadi mwisho. Watu walijaa kivukoni, lakini mimi sikuweza kungoja, nikapanda na bonde kuyafuata maji. Niliyakuta kwenye kona ya mawe meusi. Chiriku, sikujua maji huja hivyo. Nilidhani yatakuja na kishindo. Yalikuja polepole, mbele yake povu na majani makavu na vijiti, yanaingia kwenye kila shimo, yanalijaza, ndipo yanasogea. Kama mtu anayerudi nyumbani kwake na kukagua vyumba. Nikageuka nikatembea nayo sambamba, hatua kwa hatua, goti kwa fimbo, hadi kivukoni. Vikongwe walikuwa wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa sijui nalilia nini kati ya mambo mengi.

Ubao wa kipimo ulishaoza zamani. Nimechonga mwingine. Leo asubuhi: 64. Hiyo ni ya kweli.

Kuna jambo sikulisema mahakamani kwa kuwa halikuwa la mto. Mama yako aliniuliza mto kila siku, lakini siku moja, mwanzoni mwa Agosti, hakuuliza mto. Aliuliza, "Chiriku anakula?" Nikamwambia anakula, amenenepa. Hilo nalo sikuwa nalijua. Hilo sikuliandika popote, maana halikuwa na namba. Akasema, "Basi aendelee kusoma," akageukia ukutani akalala vizuri. Sijui kama alijua kuwa unajua. Usiniulize, mimi simo ndani yake.

Njoo mwezi ujao. Usilete zawadi, lete mtoto na jino lake. Tutakaa tugombane uso kwa uso kama watu, maana ugomvi wa barua unachelewa sana kufika. Bado nina hasira na wewe. Kitanda nimekutandikia.

Mjomba wako